Onyo la kumbukumbu limekoma, lakini kompyuta imezidi kuganda: nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Nyumbani tuna desktop ya mtumba, Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida ya GB 500. Aliyetuuzia aliigawa diski: C ina GB 100, D ina zilizobaki. Watoto wanasomea, mama yao anaandikia hesabu za duka. Huu mwezi wa pili inaganda mpaka mausi haisogei, na ilikuwa ikitoa onyo kwamba virtual memory imepungua. Fundi akaipandisha hadi GB 16. Onyo limekoma, ila mashine imekuwa nzito kuliko mwanzo. Je, niongeze zaidi, au niifomati tu?

JIBU: Usiongeze hata MB moja, na usifomati kwanza. Fundi hakuharibu kitu, ila amenyamazisha onyo bila kumgusa anayelisababisha. Na kabla hujagusa lolote kati ya haya nitakayoeleza, nakili hesabu za duka na kazi za watoto kwenye flashi au diski ya nje, leo hii. Mashine iliyoganda miezi miwili inaweza kuwa na diski inayokufa, na hatutajua mpaka tupime.

Kwa kuwa nyumbani kwenu kuna duka, ifikirie Windows kama mwenye duka mwenye daftari la mikopo. Kila programu ikifunguliwa huomba kumbukumbu, naye anaiandikia: wewe nimekukopesha MB 300, wewe GB 1. Jumla ya mikopo yote haiwezi kuzidi ukubwa wa RAM (chipu za kumbukumbu ya haraka) ukijumlisha faili moja kubwa iliyofichwa ndani ya C, iitwayo pagefile.sys. Faili hiyo ndiyo kumbukumbu pepe aliyoipandisha fundi. Kikomo chako sasa ni GB 4 na 16, yaani kama GB 20. Onyo hutokea deni linapokikaribia kikomo. Ukikipandisha, onyo linasogea mbali, na mkopaji anaendelea kukopa.

Shida ni kwamba RAM yako imebaki GB 4 zilezile. Kinachozidi hapo kinalala kwenye diski, na kila programu inapokihitaji lazima kirudishwe. Diski za desktop nyingi huzunguka mara 7,200 kwa dakika, sawa na mara 120 kwa sekunde. Kichwa cha kusomea kikishafika kwenye mstari wake, bado kinangoja nusu mzunguko kwa wastani, kama milisekunde 4, juu ya milisekunde 8 au 9 za kusogea. Kwa hiyo hata diski isiyo na ubovu huweza kuchota kutoka sehemu zilizotawanyika mara 70 hadi 80 tu kwa sekunde. Kurasa za kumbukumbu, yaani vipande ambavyo Windows huigawa, zina KB 4 kila moja. Hata Windows ikizisoma kadhaa kwa mkupuo, kurudisha MB 300 zilizotawanyika ni kazi ya muda mrefu, na muda huo wote taa ndogo ya diski mbele ya kasha inawaka bila kupepesa na mausi imesimama. Sasa kwa kuwa kikomo kimepanda, programu zinajaza diski zaidi kabla ya kuzuiwa. Ndiyo maana imezidi kuwa nzito.

Kwa hiyo tumtafute mkopaji. Washa kompyuta, usifungue chochote, subiri dakika 5, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc. Dirisha likifunguka dogo, bofya "More details". Nenda "Performance", kisha "Memory". Chini ya mchoro kuna neno "Committed" na namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju (/). Ya kushoto ni deni la sasa, ya kulia ni kikomo. Kwa Windows 10 yenye RAM ya GB 4 isiyofunguliwa kitu, deni la GB 2 hadi 3 na nusu ni la kawaida. Liandike kwenye karatasi pamoja na saa. Tumieni kompyuta kama siku zote, na kila baada ya nusu saa andika tena. Namba inayopanda mkifungua vitu na kushuka mkivifunga ni matumizi tu. Inayopanda na kukataa kushuka hata mkifunga kila kitu ina maana kuna programu inayovuja: inakopa na hairudishi.

Hapa wengi hukosea kwa kuangalia kichupo cha "Processes" peke yake. Safu ya "Memory" pale inaonyesha kiasi kilichomo ndani ya RAM sasa hivi. Programu iliyokopa GB 5 na ikasukumwa karibu yote kwenye diski itaonekana pale na MB 80, nawe utaipita ukiiona haina hatia. Nenda kichupo cha "Details", bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya majina ya safu, chagua "Select columns", weka alama kwenye "Commit size", kisha bofya kichwa cha safu hiyo ili wakubwa wapande juu. Hapo deni halisi la kila programu linaonekana.

Kuna ushahidi mwingine ambao huenda umeshajiandika wenyewe. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "Event Viewer", fungua "Windows Logs", kisha "System". Upande wa kulia chagua "Filter Current Log", na kwenye sehemu ya namba za matukio andika 2004. Kila mara kumbukumbu pepe ilipopungua, Windows iliandika hapo tarehe, saa na majina ya programu zilizokuwa zimekopa zaidi, ikitaja deni kwa baiti. Usiogope urefu wa namba: ukiona 3221225472, gawanya kwa 1073741824 utapata GB 3 kamili. Soma matukio manne au matano ya siku tofauti. Jina linalojirudia juu ya orodha kila siku ndilo la kushughulikia. Matukio ya kabla fundi hajabadilisha ndiyo yenye faida, kwa sababu baada ya hapo kikomo kikubwa kimeyapunguza.

Mara nyingi jina hilo huwa la kivinjari. Chrome na Edge huendesha vichupo katika michakato tofauti, kwa hiyo utaona chrome.exe 15 au 20, kila moja na deni lake, na lazima uyajumlishe. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift+Esc, itakuonyesha kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari) kwa jina. Viendelezi vya kupakulia video na vya kubadilisha ukurasa wa kutafutia ni vya kutiliwa shaka kwanza, na kwenye kompyuta ya watoto huwa vimejaa bila mtu kukumbuka vilivyoingia. Viondoe kabisa. Kisha kwenye mipangilio ya Chrome, sehemu ya "Performance", washa "Memory Saver" ili vichupo visivyotazamwa vilale. Na kwenye "System" zima ile ruhusa ya kuendelea kufanya kazi nyuma hata Chrome ikiwa imefungwa.

Kama kivinjari si tatizo, angalia programu ya printa, programu ya hesabu, na antivairasi. Antivairasi mbili kwenye mashine ya GB 4 ni mzigo usio na faida, kwani kila faili inakaguliwa mara mbili. Ile ya Windows yenyewe inatosha kwa nyumba yenu mkiisasisha. Ondoa nyingine kupitia "Settings", "Apps". Na kama kuna programu iliyofunguliwa kwa "crack", iondoe pia. Hizo mara nyingi huja na programu ya siri inayochimba sarafu za kidijitali au kutuma matangazo, na hakuna mpangilio wa kumbukumbu utakaokusaidia ikiwa ingali humo.

Kuna hali moja ya kutatanisha: "Committed" inapanda siku hadi siku, lakini kwenye "Details" hakuna programu yenye deni kubwa. Rudi "Performance", "Memory", usome "Non-paged pool". Kwenye mashine ya GB 4 hiyo huwa mamia machache ya MB. Ikiwa imekaribia GB 1 au kupita, anayevuja ni draiva (programu inayoendesha kifaa), mara nyingi ya Wi-Fi au ya mtandao wa waya, na kumbukumbu hiyo haiwezi kusukumwa kwenye diski. Inakula RAM yenyewe. Dawa ni draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta au wa kifaa, ukitafuta kwa namba ya modeli. Programu za "kusasisha draiva zote" usiziguse.

Labda unajiuliza draiva itavujaje siku nyingi wakati mnazima kompyuta kila usiku. Windows 10 ina kitu kiitwacho "Fast Startup". Ukichagua "Shut down", programu zenu hufungwa, lakini kiini cha Windows pamoja na draiva huhifadhiwa kwenye diski kikiwa vilevile, kesho kinarudishwa na uvujaji wake. "Restart" ndiyo huanza upya kikweli. Kwa hiyo mjue tofauti: mashine ikianza kuelemewa, chagua "Restart", si kuzima na kuwasha.

Umeshamjua mkopaji? Sasa shughulikia C. GB 16 za pagefile.sys ndani ya GB 100 ni nyingi mno, na nina wasiwasi zimebaki GB chache tu hapo. Fungua "Settings", "System", "Storage", "Temporary files", weka alama kwenye mabaki ya masasisho na faili za muda, lakini soma kila mstari: "Downloads" nayo imo kwenye orodha hiyo, na ukiiwekea alama utafuta kila kilichopakuliwa, pengine na stakabadhi za duka. Picha na video zihamishie D. Kisha fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika powercfg /h off, bonyeza Enter. Amri hiyo inafuta hiberfil.sys, faili ya GB moja na kitu kwenye mashine yako, na papo hapo inazima Fast Startup niliyoieleza. Kwa nyumba yenu naona ni faida mara mbili. C ibaki na GB 15 wazi, zisipungue hapo.

Halafu rudisha kumbukumbu pepe mahali pake. Bonyeza Windows+R, andika sysdm.cpl, Enter. Kichupo cha "Advanced", sehemu ya "Performance" bofya "Settings", tena "Advanced", kisha "Change". Weka alama kwenye "Automatically manage paging file size for all drives", bofya OK mpaka madirisha yote yafungwe, na uwashe upya. Ikiachiwa hivyo, Windows huanza na faili ndogo na kuikuza inapolazimika, hadi mara 3 ya RAM, ila isizidi moja ya nane ya ukubwa wa C. Kwako hesabu zote mbili zinaangukia karibu GB 12, na siku nyingi haitafika huko. Kama C ni finyu kiasi kwamba huwezi kuiachia ikue, tumia "Custom size": mwanzo 4096, mwisho 8192, bofya "Set" kabla ya OK. Wengi husahau "Set", wakaondoka wakidhani wamebadilisha.

Utashauriwa kuihamishia D ili "C ipumue". D yako ni kipande cha diski ileile. Kichwa kitalazimika kuruka huku na huku kati ya vipande viwili, na hali itakuwa mbaya zaidi. Usiiweke kwenye flashi pia. Na usiifute kabisa ukasema utategemea RAM peke yake: kwa GB 4 programu zitakuwa zinajifunga zenyewe katikati ya kazi, pamoja na hesabu ambazo hazijahifadhiwa. Zile programu zinazoahidi "kusafisha RAM" kwa kubofya mara moja huziondoa kurasa kwa nguvu kutoka RAM na kuzitupa diskini. Namba inaonekana nzuri kwa sekunde chache, halafu kila kitu kinarudishwa kutoka diskini kwa mwendo ule wa kobe. Nazo video zinazofundisha kugeuza flashi kuwa RAM zinazungumzia ReadyBoost, ambayo ni akiba ya kusomea tu na haiongezi hata chembe kwenye kikomo cha mikopo.

Sasa diski yenyewe. Siku itakapoganda tena, fungua "Resource Monitor" kwa kuandika resmon, kichupo cha "Disk". Pagefile.sys ikiwa juu ya orodha, mashine inahangaika kwa uhaba wa RAM, na yote niliyosema yanahusu. Lakini kama kwenye Task Manager RAM ina nafasi, diski inaonyesha 100%, mwendo wake ni KB chache tu kwa sekunde na "Average response time" ni mamia au maelfu ya milisekunde, diski inaumwa. Rudi Event Viewer, "System", utafute namba 7 na 153 zenye chanzo "disk". Ya 7 inasema kuna sehemu mbovu, ya 153 inasema ombi la kusoma au kuandika ilibidi lirudiwe. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha pia: mistari ya 05, C5 na C6 katika safu ya thamani ghafi inapaswa kuwa sifuri. C5 ikiwa na namba na inaongezeka kila wiki, nunua diski nyingine sasa. Desktop haina betri, na kila umeme unapokatika ghafla faili zilizokuwa zikiandikwa zinabaki nusunusu, kwa hiyo hata diski isiyo na ubovu inaweza kuhitaji chkdsk C: /f, amri ya kukagua na kurekebisha faili. Ila diski yenye dalili za ugonjwa usiianzishie chkdsk /r kabla ya kunakili vitu vyako. Amri hiyo inaipitia diski yote kwa saa nyingi, na iliyo taabani inaweza kufia hapo.

Yote hayo yakishafanyika, bado GB 4 kwa kivinjari na programu ya hesabu pamoja ni kidogo, na diski inayozunguka si mahali pa kuwekea Windows 10. Ukipata hela ya kitu kimoja, nunua SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256. Inachota sehemu zilizotawanyika mara maelfu kwa maelfu kwa sekunde, kwa hiyo hata pagefile ikitumika hamtaigundua kwa urahisi. Diski ya zamani, ikiwa nzima, ibaki ya kuhifadhia. Muulize muuzaji akuruhusu kuijaribu: SSD ya bei ya kutupwa inayojitangaza TB 2 ni ya kughushi, na programu ya kupimia iitwayo H2testw itaifichua kwa kuijaza na kuisoma tena.

Hela ya pili iende kwenye RAM, ufike GB 8. Kwanza hakikisha "Settings", "System", "About" imeandika "64-bit operating system". Ya biti 32 haitumii zaidi ya GB 4, na kuongeza RAM bila kubadilisha Windows ni kutupa pesa. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha usome lebo ya RAM iliyomo. Desktop nyingi za mtumba za umri huu zina RAM ya aina ya DDR3, lebo ikisomeka kitu kama PC3-12800U. Herufi ya mwisho ndiyo ya kuangalia. U ni ya desktop. S ni ya laptop, fupi, haitaingia. R ni ya seva: inaingia vizuri kabisa kwenye sloti, bei yake inavutia, na kompyuta ya nyumbani haitawaka nayo. DDR4 ina pengo mahali pengine, usiilazimishe.

Usikimbilie Windows 11 kwa njia za panya kwenye mashine hii. Inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), na kwa prosesa za Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Ila ujue kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imeongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Jiandikishe kupitia ukurasa wa "Windows Update", kwa kuwa hesabu za duka zimo humo.

Kuhusu kufunga RAM: gusa kwanza chuma cha kasha ili umeme tuli uondoke mwilini. Futa vumbi la sloti kwa brashi kavu. Kama meno ya dhahabu ya RAM ya zamani yamefifia, yasugue taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli na uondoe ungaunga wake. Linganisha pengo, sukuma ncha zote mbili kwa vidole gumba mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe kwa mlio. Ukiwasha kioo kikabaki cheusi au kasha likalia bipu, mara nyingi haikukaa vizuri: zima, chomoa, itoe, irudishe. Ikiwaka, angalia Task Manager isome GB 8.0, kisha usiku andika mdsched na uiache ipime RAM mpaka asubuhi. RAM ya mtumba yenye hitilafu hugandisha kompyuta sawasawa na ile iliyopungua. Ikikuta kosa hata moja, irudishe dukani siku hiyohiyo.